Magrupu ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza Moshi: wa kushea naye geto utampata, kumjua ni kazi nyingine

Nyota 3 kati ya 5.

Majina ya waliochaguliwa yakitoka tu, magrupu ya wanaokuja vyuo vya Ushirika, Mwenge na KCMC yanafurika. Kwa kumpata wa kushea naye geto, njia hii ni ya haraka na ni bure. Kwa kumjua mtu huyo, grupu ni bovu.

Tangazo la kawaida husema: "Natafuta wa kushea, awe mstaarabu." Wanajibu kibao, na wote ni wastaarabu. Linalozaa matunda ni hili: "Wa kike, Ushirika, nalala saa 4, napika jioni, sitaki muziki alfajiri, mwisho wangu 30,000 kwa mwezi, nataka pa kutembea kwa miguu hadi chuo." Watajibu wawili, na ndio unaowataka.

Ukishampata, hamieni pembeni siku hiyohiyo. Mle ndani meseji zinazikwa na salamu za asubuhi na madalali wanaorusha picha ya chumba kilekile chenye pazia la bluu, kila mmoja akidai ni chake. Namba yako nayo inaonekana kwa wote, na grupu moja hubeba hadi watu 1,024.

Pigianeni video. Kwenye kuchati kila mtu ni "mi niko poa tu".

Swali la kwanza: umeshathibitisha chuo? Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri. Asipokuwa amefanya hivyo, anaweza kuishia Dodoma huku wewe umeshalipa kodi. Kwa mfano, chumba cha 60,000 kwa miezi 6 ni 360,000, ongeza mwezi mmoja wa dalali: kila mmoja 210,000. Akikimbia, zote 420,000 ni zako. Tena msihesabu bumu hapo, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, maana halisainiwi kabla ya kusajiliwa chuoni. Majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba.

Pili, umeme. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja limekula uniti 1. Mmoja akipika maharage nalo na mwenzake anakula kantini, kugawana LUKU nusu kwa nusu kutaleta ugomvi kabla ya mwezi kuisha. Anayepika achangie zaidi, au mnunue mtungi wa gesi wa kilo 6.

Tatu, swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: eksaili, yaani kumpisha mwenzako chumba akija mpenzi wake. Shemeji akija, nani anatoka, na hadi saa ngapi? Anayecheka tu bila kujibu, muulize tena.

Mwisho andikeni nani analeta nini, la sivyo mtafika na pasi mbili, majagi mawili na hakuna ndoo. Blanketi zito liacheni nyumbani. Vyuo vikifunguliwa Moshi ni joto, na baridi ya Juni ikifika mtalipata soko la mitumba la Memorial.