Kamala wa Kuagiza: Sanamu ya Mwanamiereka Kutoka Karakana ya Kibuye

Nianze na bei, maana kila anayeiona huulizia hiyo kwanza. Shilingi 4,500. Nusu nililipa kwa M-Pesa kabla kazi haijaanza, nusu nyingine siku ya kuichukua. Kwa pesa hizo nimepata sanamu ya Kamala, mwanamiereka wa zamani, yenye kimo cha sentimita 18, imepakwa rangi kwa mkono, imesimama juu ya kibao cheusi. Imetengenezwa hapa hapa Kisumu, kwenye karakana ya vijana wawili karibu na soko la Kibuye. Kazi inayowalisha ni kuchapisha, kwa printa ya 3D inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, gia za blenda, vishikio vya friji vilivyovunjika na mifano midogo ya nyumba kwa watu wa ujenzi. Sanamu za wanamiereka waliostaafu ndiyo kazi mpya wanayoijaribu, na waliniomba niwaambie waziwazi kama inaweza kuwa biashara. Nimeiweka kwenye rafu chini ya kioo, katika kibanda changu cha kinyozi pale Kondele, mbele ya watu wanaosubiri zamu yao na hawana la kufanya ila kutazama na kubishana. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si macho yangu peke yangu yaliyoyaona.

Kamala alikuwa lile jitu lililotangazwa ulingoni kwamba limetoka Uganda. Miguu peku, nyota kifuani, mwezi tumboni, michirizi ya rangi usoni, na kitambaa cha mnyama kiunoni. Pembeni alikuwa na mwangalizi wake Kim Chee, mwenye kinyago na kofia ya wazungu wa safari. Jina lake halisi ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani, mwaka 1950. Uhusika huo alivishwa Memphis mwaka 1982 na mwanamiereka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett. Sisi tuliokuwa tukimtazama kwenye vibanda vya video hayo hatukuyajua. Tuliamini kabisa kwamba anatoka hapo tu ng'ambo ya Busia, na mtaani kwetu kulikuwa na kijana aliyeapa kwamba mjomba wake amemwona Jinja akinunua ndizi.

Nilipokua na kuelewa, iliniuma. Waafrika tulionyeshwa kama watu wasio na lugha, wanaoongozwa kwa fimbo, na aliyepewa kazi ya kutuigiza hivyo ni mtu aliyefanya kazi za mashambani ujanani, ambaye hakuwa na nafasi nyingi za kuchagua. Ila mtu mwenyewe sijaacha kumpenda. Aliijaza skrini. Hakuhitaji kusema neno, na kibanda kizima kilikuwa kinanyamaza akianza kulipiga tumbo lake. Kwa hiyo nilipoagiza nilitoa sharti moja: mkuki usiwepo, kinyago kisiwepo. Nilimtaka James Harris, mikono miwili tumboni, basi. Fundi hakunibishia. Aliandika kwenye daftari, akaniambia nilete picha za kila upande, hasa za mgongo ambazo hazipatikani kirahisi.

Sasa kazi yenyewe. Uso ni mzuri mno. Kichwa walikichapisha kwa rezini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, badala ya uzi wa plastiki unaoyeyushwa, na tofauti inaonekana hata kwa asiyejua mambo ya printa. Mikunjo ya paji la uso ipo, mashavu yamejaa, na macho yana ile hali yake ya kutazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Michirizi ya usoni imepakwa kwa brashi nyembamba na haikuvuja mahali popote. Mwezi tumboni upo, na hilo nililisisitiza. Sanamu ya Kamala iliyotolewa na Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, mwaka 1993 ilitoka na nyota tumboni, na zile chache mno zenye mwezi ndizo wakusanyaji wa ng'ambo hugombania kwa bei ya kutisha. Wangu ana mwezi wake, umechongwa kabisa kwenye tumbo kabla ya kupakwa rangi, ukipitisha kidole unausikia.

Shingoni kushuka chini ni uzi wa plastiki wa kawaida. Hapo matabaka yanaonekana ukiisogeza karibu na taa, hasa mgongoni, mahali msasa haukupita vizuri. Halafu kuna mstari kiunoni, juu kidogo ya kitambaa, unaozunguka mwili mzima. Fundi aliniambia asili yake kabla sijauliza: kiwiliwili huchapishwa usiku kucha, umeme ulipotea saa nane za usiku, na uliporudi printa iliendelea pale ilipoachia, lakini plastiki ya chini ilikuwa imeshapoa. Walijaza kwa puti, wakapiga msasa, wakapaka. Mteja wangu mmoja, fundi wa mabati, aliuona mara moja. Wengi hawauoni. Mimi nauona kila nikifuta vumbi, na kwa 4,500 ningependa usiwepo. Betri ya kushikilia umeme hata kwa saa moja ingewaondolea tatizo hilo, na nimewaambia waiweke mbele ya mashine nyingine yoyote wanayoitamani.

Jambo jingine la kujua ni joto. Plastiki hiyo huanza kulegea ikikaribia nyuzi 60. Rafuni haina neno. Dashibodini mwa gari lililoegeshwa juani mchana wa Kisumu, vioo vimefungwa, ni habari nyingine. Nalitaja kwa sababu mwenye matatu mmoja alishaniambia anataka ya mwanamiereka Undertaker ya kuweka mbele ya dereva. Kwa kazi ya aina hiyo ipo plastiki nyingine inayostahimili, na waulizeni kabla ya kulipa.

Kuhusu viungo, hapa ndipo wengi watakapokatishwa tamaa, kwa hiyo niseme polepole. Sanamu hii haikunji mkono wala goti. Ni ya kusimama tu. Vijana walinionyesha majaribio yao ya mabega na viwiko vya kuzunguka: vinazunguka vizuri mwanzoni, kisha vinakatika pale penye kifundo, kwa sababu uzi huo ni mgumu lakini ni mwepesi wa kuvunjika. Mattel, kampuni ya midoli iliyoshika leseni ya WWE, kampuni kubwa ya miereka ya Marekani, tangu mwaka 2010, wanatoa sanamu zenye viungo kila mahali kwa sababu wanamimina plastiki kwenye kalibu za chuma zinazogharimu pesa nyingi sana, kisha wanazirudisha gharama hizo kwa kuuza maelfu. Karakana ya Kibuye haiwezi kushindana hapo, na haina haja ya kujaribu. Sanamu za wanamiereka za kampuni ya LJN za miaka ya 1980 zilikuwa mpira mtupu, hazina kiungo hata kimoja, na hadi leo watu wazima wanazitafuta. Mtu mzima hanunui ili acheze. Ananunua ili amwone mtu wake amesimama vile anavyomkumbuka, na Kamala akisimama na mikono tumboni, kiwiko cha kukunja kina kazi gani?

Hesabu nilikaa nao tukaipiga. Sanamu yangu ilikula kama gramu 200 za plastiki, ambayo kwao ni karibu shilingi 3,000 kwa kilo, yaani 600. Ukiongeza rezini, praima, rangi na vanishi unafika kama 1,100. Inabaki 3,400 kwa watu wawili waliochonga uso kwenye kompyuta siku kadhaa, wakakesha na printa, wakapaka rangi siku nzima. Kijana wa kubeba mawe mjengoni anawashinda. Kwa hiyo mtu mmoja akiagiza mwanamiereka mmoja asiyeagizwa na mwingine yeyote, hiyo haiwezi kuwa biashara, hata wakipandisha bei hadi 6,000. Kinachokula muda ni kuchonga, na kuchonga hufanywa mara moja. Wakiagiza watu sita sanamu ile ile kwa 4,000 kila mmoja, ni 24,000. Toa vifaa 6,600, inabaki 17,400, na uso umechongwa mara moja tu. Hapo mtu analipa kodi ya karakana.

Huu si ugunduzi wangu. Makampuni makubwa yenyewe hufanya hivyo kwa vitu ambavyo hawana hakika navyo. Hasbro mwaka 2018 walikusanya oda kwanza, walitaka watu wasiopungua 5,000 walipe ahadi kabla ya kutengeneza jahazi kubwa la sinema za Star Wars, na lilipata. Kibuye hawahitaji 5,000. Wanahitaji sita. Jambo la pili la kuiga ni kiwiliwili cha kutumika tena. Mattel hutumia kifua na mikono ile ile kwa wanamiereka wengi na kubadilisha kichwa na rangi. Kiwiliwili cha mtu mnene walichonichongea mimi kinaweza, kwa marekebisho, kumvaa King Kong Bundy, Earthquake au One Man Gang. Kazi mpya inabaki kichwa na mavazi.

Je, wateja wapo? Kwenye kiti changu nimewasikia wa aina mbili. Vijana wa chini ya miaka 25 wanaishika, wanaisifu, wanapiga picha, kisha wanasema wangetoa 800. Hao si wateja, na tusijidanganye. Zaidi ya hayo wanaowataka wao ni akina John Cena na Roman Reigns, ambao sanamu zao zimejaa, na hata Jumapili kwenye mtumba wa Kibuye ukichimbua rundo la midoli unaweza kumpata Cena aliyekatika mkono kwa bei ya soda. Wateja ni wale wenye mvi zinazoanza. Mwalimu mmoja kutoka Ahero alishika Kamala kwa mikono miwili, hakuuliza bei, akauliza kama wanaweza kumtengeneza Papa Shango. Dereva mstaafu wa basi alitaka Yokozuna. Nikamweleza kwamba huyo naye, ingawa ulingoni alitangazwa kuwa Mjapani, alikuwa Msamoa mzaliwa wa San Francisco. Akanijibu kwamba hilo halimhusu, yeye anamtaka na bendera yake ya Japani. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa aliulizia Junkyard Dog, kwa ajili ya kaka yake aliye Nakuru. Hawa wanalipa, kwa sababu kumpata mtu wao kutoka ng'ambo ni nauli, ushuru, VAT ya asilimia 16, na kusubiri.

Jambo ambalo nisingependa lipitwe ni haki. Sura ya mtu ni yake na ya familia yake, na majina mengi ya ulingoni yanamilikiwa na makampuni. Sanamu moja ya rafuni kwangu haimsumbui mtu. Karakana ikianza kuuza kwa makumi na kutangaza mtandaoni, lazima iombe ruhusa na itenge fungu. Nalisema hili kwa Kamala hasa. Alipigana na Undertaker mbele ya uwanja uliojaa wa Wembley, London, katika onyesho la SummerSlam la Agosti 1992, na baadaye alisimulia kwamba alilipwa dola 13,000 huku mpinzani wake akipata mara nyingi zaidi ya hapo. Kisukari kilimkata mguu mmoja mwaka 2011, wa pili mwaka uliofuata. Akafa Agosti 2020. Mtu aliyepunjwa akiwa hai asipunjwe tena na sisi tunaodai tunampenda. Shilingi 400 katika kila sanamu, zikawekwa kando hadi familia ipatikane, si mzigo wa kuua biashara, na nimewaambia vijana kwamba mimi niko tayari kulipa 4,900.

Ukienda kuagiza, beba picha za mbele, za ubavuni na za mgongoni za kipindi kimoja, kwa maana mwanamiereka wa mwaka 1987 na wa 1995 si mwili mmoja. Sisitiza kichwa kiwe cha rezini. Chagua mkao wenye maana kwa mtu huyo, kisha usibadilishe mawazo katikati. Omba kuiona kabla ya rangi, kwa sababu baada ya rangi kasoro ya umbo haitengenezeki. Na usilipe yote mwanzoni, si kwa kuwaogopa vijana hawa, ambao kwangu walikuwa waaminifu hadi shilingi ya mwisho, bali nusu inatosha kununua vifaa.

Wanaomtaka Yokozuna sasa wamefika wanne, majina yao nimeyaandika nyuma ya kalenda hapa kinyozi. Wakitimia sita, fundi ataanza kuchonga.