Redmi 2 ya mwaka 2015 sasa ni seva yangu ya nyumbani: uzoefu wangu na postmarketOS

Kaka yangu alirudi na Redmi 2 kutoka India mwaka 2015. Imepita kwa watu watatu wa familia hii, kisha ikalala kwenye droo. Nilipoitoa, kioo kilikuwa kizima lakini betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko wa nyuma haufungi. Fundi alinishauri niiuze iwe vipuri. Nilinunua betri nyingine (kwenye simu hii inachomoka kwa mkono), nikaweka postmarketOS.

Huu ni mfumo endeshi wa Linux uliotangazwa mwaka 2017 kwa lengo la kuzipa simu maisha ya miaka 10. Umejengwa juu ya Alpine, toleo dogo la Linux, ndiyo maana ni mwepesi. Ila kilichonivuta hasa kiko chini zaidi. Android iliyokuja na simu hii inatumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) 3.10, na kwa simu kama hizi kerneli hubaki palepale hadi simu inakufa. Watu wanaojitolea wameandika faili linaloieleza kerneli ya kawaida ya Linux simu imeundwaje: skrini gani, Wi-Fi imeunganishwa wapi, betri inasomwaje. Siku niliyoandika uname -r, amri ya kuonyesha toleo la kerneli, nikaona namba inayoanza na 6, nilimwita mke wangu aje kuangalia. Simu ya 2015!

Kuweka kulinichukua jioni mbili. Unahitaji kompyuta yenye Linux na programu iitwayo pmbootstrap. Inakuuliza maswali (simu gani, muonekano gani, nywila), halafu inashusha vifurushi vya programu na kujenga mfumo mzima kwenye kompyuta yako. Uwe na bando la kutosha. Umeme ulinikatikia katikati ya kazi, lakini vilivyokwisha kushushwa vilibaki, kwa hiyo sikurudia bando. Kisha unaizima simu, unabana kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia ili iingie fastboot (hali ya kupokea mfumo kutoka kwenye kompyuta), na unaanza na lk2nd, kiwashio kidogo kinachokaa pale ilipokuwa boot ya Android, yaani sehemu ya kuiwashia. Baada ya hapo ndipo unaweka mfumo wenyewe. Kosa langu lilikuwa waya: nilitumia wa kuchajia tu, nikapoteza saa nzima nikidhani nimeiua simu. Na data zote za zamani zinafutika, hakikisha picha umeshazihamisha.

Mara ya kwanza nilichagua Phosh, muonekano wenye aikoni na skrini ya kugusa. Ni mzuri, lakini RAM ya GB 1 inauelemea. Kufungua kivinjari ni kusubiri. Kamera haikufanya kazi, na programu za benki nilizozoea hazipo. Kwa hiyo nasema wazi: kwa simu ya aina hii, usitegemee kuishi nayo mfukoni kila siku. Nilijenga upya bila muonekano wowote, nikawa naiingia kwa SSH (njia ya kuiandikia amri kutoka kwenye kompyuta) kupitia waya wa USB kwenye anwani 172.16.42.1, baadaye kwa Wi-Fi.

Hapo ndipo ilipopata kazi yake ya seva, yaani kuhudumia vifaa vingine. Nimeweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu. Watoto wangu na wa jirani wanaifungua kwenye simu zozote walizonazo, bila kugusa bando. Umeme ukikatika ruta inazima, lakini Redmi ina betri yake, inaendelea. Nawasha hotspoti ya simu yangu, inajiunga yenyewe, na kusoma kunaendelea gizani. Kompyuta ya kawaida ingehitaji UPS (betri ya akiba) kufanya hivyo. Juzi binti yangu alikuwa akisoma kuhusu ziwa Tanganyika na kina chake, mtaa mzima hauna umeme.

Jambo moja la kuangalia sana ni betri. Betri ya simu inayokaa kwenye chaja usiku na mchana inaweza kuvimba tena. Mimi naichomoa asubuhi, naichomeka jioni, na kila Jumamosi nafungua mfuniko na kuipapasa.

Kabla hujaanza, tazama kama simu yako imo kwenye orodha ya postmarketOS na nini kinafanya kazi. Yangu ilikuwemo, kazi ngumu walishaifanya wengine, nami nawashukuru kwa moyo. Shemeji ameniletea yake na haimo kabisa. Pmbootstrap imenikubalia kuanza kifaa kipya kwa kuichambua boot.img (faili la kuwashia) ya Android, na kwa sasa ninachopata ni skrini nyeusi. Wiki hii natafuta msimbo wa kerneli uliotolewa kwa ajili ya simu hiyo.