Stelingi katupa upanga: uzoefu wangu na The Last Jedi

Krismasi ya 2017, nyumbani kwetu Kibosho, nyama ilipoa juu ya majani ya mgomba huku watu wazima wameizunguka wanameza mate. Aliyepewa kisu cha kukatia alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyeshuka na basi la usiku kutoka Dar. Kisu kilikuwa mkononi kweli, ila alikitumia kuonyeshea hewani jinsi Luke Skywalker alivyodhalilishwa.

"Dogo, stelingi analetewa silaha yake kutoka mbali kote huko. Anaishika, anaiangalia, halafu anaitupa nyuma ya bega kama ganda la ndizi. Na wewe unaiita hiyo muvi?"

Nilikuwa naiita muvi, na bado naiita. Nimeshaitazama mara nne. Kila ninapomshawishi mtu aanze kufuatilia Star Wars ananiuliza kama hii nayo aitazame au airuke, kwa hiyo nimeona niandike mara moja nipumzike. Natoboa yote mpaka mwisho, asiyetaka kujua aishie hapa.

Kwa mgeni wa mambo haya: The Last Jedi ni sehemu ya nane ya hadithi iliyoanza 1977. Ilitoka Disemba 2017, imeandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, na ina saa mbili na dakika 32. Inaanzia palepale ilipokatikia ile ya 2015, yule binti Rey amepanda ngazi za kisiwa mpaka juu, amemkuta Luke kazeeka na ndevu zake, akamnyooshea upanga wa taa. Muziki ukapanda, ikaisha. Miaka miwili watu wakakaa wanabashiri mzee atasema nini. Mzee akautupa.

Mara ya kwanza niliitazama kwenye kibanda cha video Pasua, mjini Moshi, siku mbili kabla ya hiyo Krismasi. Kiingilio 500, benchi za mbao, sabufa mbili zenye ukubwa wa debe la mahindi. Nakala ilikuwa ya kuibia ukumbini, ile ambayo mtu anainuka kwenda chooni na kichwa chake kinapita katikati ya nyota. Lakini kibanda kilijaa, maana Disemba Moshi inajaa kila kitu, na wengi walikuwa watoto wa mjini waliokuja kusalimia wazazi.

Ikafika ile sehemu. Waasi wamekimbizwa tangu mwanzo wa muvi, meli yao inaishiwa mafuta kama Noah iliyozimika mlima wa Kikavu, na vijimeli vidogo wanavyotorokea vinalipuliwa kimoja kimoja. Kwenye meli kubwa amebaki mwanamke mmoja mwenye nywele za zambarau, Holdo, ameigiza Laura Dern. Anaigeuza meli, anailenga meli ya adui, anaivuta kwa mwendo wa mwanga na kuipasua vipande viwili. Na hapo muongozaji amekata sauti yote. Hakuna mlipuko, hakuna muziki, picha tu nyeupe na nyeusi inayoumiza macho.

Kibandani kukalipuka. "Sauti! Weka sauti wewe!" Mtu wa nyuma akaanza kuipiga sabufa kwa kiganja. Mwenye kibanda akaruka juu ya benchi, akakanyaga mguu wa mtu, akafika kwenye amplifaya na kuchomoa waya aliyoishuku. Wakati huohuo muvi ikarudisha sauti yake yenyewe, ila sisi hatukuisikia kwa sababu waya ilikuwa mkononi mwake. Tukatazama kama dakika tano za vita bila kusikia neno, wakati kimya cha muongozaji chenyewe kilikuwa cha sekunde chache tu. Kuna jamaa alidai 500 yake mpaka akapewa.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Marekani kuna kumbi zilizobandika tangazo kuwaambia wateja kwamba sauti itakatika, imekusudiwa, mitambo haijaharibika. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniangalia.

Sasa twende kwenye ugomvi wenyewe. Sisi tuliolelewa na vibanda tuna sheria zetu na hatukuandikiwa na mtu. Stelingi hafi. Bosi wa maadui anauawa mwisho, baada ya kupigana na stelingi hadi shati lichanike. Mtoto wa kimaskini mwenye kipaji cha ajabu lazima baba yake awe mkubwa fulani. Rian Johnson amezipita hizo zote kama bodaboda kwenye taa nyekundu. Bosi wa maadui, Snoke, anakatwa katikati ya muvi, ameketi kwenye kiti chake, kabla hata hatujaambiwa alitokea wapi. Rey anaambiwa wazazi wake ni watu hivihivi tu, walimuuza wapate hela ya pombe. Na stelingi wa zamani amekaa kisiwani, amenuna, anasema Jedi, yaani mashujaa wa panga za taa kama yeye, waishe tu.

Mimi ya Snoke haikuniuma hata kidogo. Ya wazazi wa Rey ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kwenye hadithi hii mtu alipewa kipaji bila kuulizwa wewe ni ukoo gani. Ukitokea huku kwetu, ambako kabla hujamaliza salamu umeshaulizwa ni wa kina nani na wa kijiji kipi, utanielewa.

Hoja ya Luke ni nzito zaidi, na kaka yangu si mjinga. Alisema hivi: Luke wa muvi ya 1983 alikataa kumuua baba yake mzazi, Darth Vader, muuaji ambaye kila mtu alishamkatia tamaa. Aliamini bado kuna wema ndani yake. Leo mtu huyohuyo anasimama usiku juu ya kitanda cha mpwa wake aliyelala, kamuwashia upanga, kwa sababu tu amehisi kijana ataharibika? "Imani yote ile imekwenda wapi, dogo?"

Nikamjibu kwamba hata 1983 Luke aliutupa upanga, mbele ya Mfalme, bosi wa maadui wa enzi hizo, na ndivyo alivyoshinda. Kutupa hakuanza leo.

"Ule aliutupa kwa ushujaa. Huu kautupa kwa kisirani."

Siku ile sikuwa na jibu. Nyama ikakatwa na mama mkubwa aliyekuja kumnyang'anya kisu.

Jibu nililipata mara ya pili, nilipoitazama nakala safi. Kisa cha usiku ule kinasimuliwa mara tatu: Luke anakisimulia kwa kujificha, mpwa anakisimulia kwa hasira, halafu Luke anarudi kukisema chote. Kwenye hicho cha mwisho anawasha upanga, wazo linapita, linakufa, anabaki na aibu, na kijana ameshafungua macho. Kibandani, na kichwa cha yule mtu wa chooni, sikuona kwamba ni visa vitatu tofauti. Nilidhani wanarudia. Ukiambiwa uchague sehemu moja ya muvi ya kutazama umekaa vizuri, chagua hiyo, na uutazame uso wa Mark Hamill. Anaigiza hapo kuliko alivyowahi kuigiza ujanani. Na huyo Hamill mwenyewe alimwambia muongozaji kwamba haafikiani na alichomfanyia Luke, kisha baadaye akasema anajuta kuyasema hadharani. Kaka ameshika nusu ya kwanza ya habari hiyo, mimi nimeshika ya pili.

Hiyo mara ya pili ilikuwa Pasaka ya 2018, nyumbani, flashi imechomekwa kwenye TV, na babu yetu alikuwepo. Inabidi nieleze habari za babu. Alikuwa mwenyekiti wa mfongo wetu, mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba, na anayegawa zamu za maji huku kwetu anaheshimika kuliko diwani. Mwaka mmoja wa kiangazi alimkamata mpwa wake usiku kafungua banio, akampiga fimbo mbele za watu. Kijana akaondoka asubuhi na hakurudi. Babu naye akakabidhi uenyekiti, akateremka kwenye shamba la mahindi tambarare, akakaa kule miaka sita kwenye kibanda cha mabati. Wazee walimfuata mara mbili. Aliwapa mahindi ya kuchemsha, akawaambia njia ya kurudi wanaijua.

Kwa hiyo kila mtu aliponiambia mzee wa namna ile hayupo, eti shujaa hawezi kuzira namna hiyo, mimi nilikuwa namfahamu na nimeshampelekea chumvi na sabuni kwa miguu.

Babu Kiingereza hajui. Alitazama picha tu. Luke alipolikamua lile dude la pwani na kunywa maziwa ya kijani, babu alicheka hadi akakohoa, akasema anakamua vibaya, atapigwa teke. Ilipofika usiku wa upanga, akaacha kutafuna.

"Huyo kijana ni nani yake?"

"Mpwa wake, babu. Mtoto wa dada yake."

"Ehee."

Akanyamaza mpaka mwisho kabisa, pale Luke anapotokea peke yake kwenye uwanda wa chumvi, jeshi zima linamshushia moto, na vumbi likitulia anajipangusa bega. Mandhari hayo ni ya chumvi ya Salar de Uyuni, Bolivia, ila kwenye muvi chini ni nyekundu ukikanyaga, na ndiyo picha nzuri kuliko zote humo. Kumbe Luke hakuwepo pale. Alikuwa bado kisiwani amekaa juu ya jiwe, ametuma kivuli chake, na kukituma kukammaliza. Nikamweleza babu.

"Kwa hiyo hakwenda?"

"Alituma kivuli, babu."

"Angekwenda mwenyewe," akasema, akanyanyuka kwenda kulala.

Kaka ameichukua hiyo kauli kama ushahidi wake mkuu hadi leo. Mimi bado naisikia tofauti.

Mabaya ya muvi yapo, na makubwa. Safari ya waasi wawili, Finn na Rose, kwenda kwenye mji wa kasino imekaa kama kiraka cha kitenge kwenye kanzu. Wanamtafuta mtu wa kuvunja mitambo, wanakamatwa kwa kuegesha vibaya, wanatoroka juu ya wanyama wanaofanana na farasi, wanampata mtu mwingine anayeitwa DJ naye anawauza. (Jina hilo kibandani lilipigiwa makofi. Walidhani ni mtafsiri wa muvi.) Ukiikata yote, hadithi haipungui. Na inayonikera zaidi ni kwamba aliyepotezewa muda humo ni Finn, yaani John Boyega, kijana wa London mwenye wazazi Wanigeria. Ile ya 2015 ilimtangaza kashika upanga, tukajua ni wetu. Hapa ametumwa dukani. Mwaka 2020 Boyega mwenyewe alilalamika waziwazi jinsi waigizaji wasio wazungu walivyosukumwa pembeni kwenye muvi hizo, na mimi sikushangaa. Lupita Nyong'o wa majirani zetu naye yumo, ila ni sauti tu na dakika chache, akipigana huku anaongea kama mtu anayejibu simu sokoni Mbuyuni.

Kuna mashabiki waliovuka mpaka wakamgeukia Kelly Marie Tran, dada aliyeigiza Rose, wakamtukana mpaka 2018 akafuta kila kitu chake Instagram. Mhusika hakuandikwa vizuri, nakubali, lakini si yeye aliyemwandika. Hapo mimi na kaka hatujawahi kubishana hata dakika moja.

Carrie Fisher, Leia wetu, yaani dada yake Luke, alifariki Disemba 2016 akiwa amemaliza kazi ya muvi hii. Walipokutana na Luke mara ya mwisho, benchi zima la mbele kibandani lilitulia, hata wale wa karanga.

Mara ya tatu niliitazama nakala iliyotafsiriwa, na siipendekezi. Mtafsiri anajua kazi yake, amechekesha sana kwenye kasino, ila ilipofika kile kimya cha Holdo akaogopa kimya kama mwenye kibanda cha Pasua. Akaongea juu yake mwanzo hadi mwisho.

Halafu ikaja ya 2019, ikarudishwa kwa J.J. Abrams aliyefanya ile ya 2015, na ikakimbia kuomba radhi. Rey kumbe ni mjukuu wa Palpatine, Mfalme yuleyule wa zamani. Rose haonekani, ukipiga chafya umempoteza. Kaka alinipigia simu usiku kushangilia. Wiki mbili baadaye akanipigia tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo nayo haimkai vizuri, haina kitu cha kubishania.

Naipa The Last Jedi nane kwa kumi, na kasino ndiyo iliyokula hizo mbili. Tazama kwanza ya 2015, na kama unaweza zile tatu za 1977, 1980 na 1983, la sivyo uchungu wa Luke hautaupata. Chukua nakala safi isiyotafsiriwa. Watakaokaa nawe waambie mapema kwamba sauti itakatika.

Flashi yangu bado iko kwa kaka tangu Pasaka ile. Anasema muvi alishaifuta siku nyingi, akaweka nyimbo za kwaya. Disemba iliyopita mwanawe wa miaka saba alikuwa uani kwetu amemwaga kilo nzima ya chumvi ya mama mkubwa kwenye udongo mwekundu, anaburuta mguu apate mstari. Nikamuuliza huo mchezo kaujulia wapi. Akasema baba yake huiweka kila Jumapili.