Gesti karibu na stendi ya Moshi: usafi upo ila sirudi

Nililala Moshi wiki iliyopita nikisubiri basi la alfajiri, jina la gesti naliacha. Elfu ishirini, na nianze na haki yake, shuka safi, neti haina tundu, maji ya moto yanatoka kweli. Ila kaunta dada kaniuliza "ya kulala au ya kupumzika kaka?" nikajua nimeingia wapi. Usiku kucha milango inagongwa watu wanapanda wanashuka, saa nane natoka kwenda kutia udhu nakuta binti kakaa ngazini, viatu kavishika mkononi, anamhesabia mhudumu noti za elfu mbilimbili hela ya chumba. Miaka ishirini sidhani kama kafika. Na juu ya kaunta ile kuna fremu ya Ayatul Kursi, aya ya Qur'ani.

Hiyo fremu imeniuma mpaka leo. Mwenye nyumba ni Muislamu mwenzangu na najua atasema mi nakodisha vyumba tu ya ndani hayanihusu. Yanakuhusu mzee wangu. Tangu enzi za Imam Ghazali wanazuoni wanatufundisha sheria imekuja kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali, sasa kwako pale kinalindwa kipi, maana mtoto akipatikana hana baba wa kumwita, ukimwi na kipigo cha mteja vinamuishia yule binti, na hela unayopokea inatoka kwenye ujira wa ukahaba ambao Mtume (s.a.w) kaukataza, hadithi hiyo Bukhari na Muslim wote wameipokea.

Halafu tukiongea haya tunamrukia mwanamke tu. Suratun Nur aya ya 33 inamkemea bwana anayelazimisha vijakazi wake wajiuze ili yeye ale faida, wafasiri wengi wanamtaja Abdullah bin Ubayy wa Madina, na wale waliolazimishwa wakatajiwa msamaha. Mnunuzi je, mwenye chumba je, mbona hotuba za Ijumaa haziwafiki? Nilivyoona vile viatu nikamkumbuka yule kahaba wa Bani Israil kwenye hadithi, aliyechota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Asubuhi nimemwambia mhudumu amfikishie bosi wake afute hiyo ya kupumzika, akanijibu taratibu, "kaka mshahara wangu unatoka humohumo."

Nyota mbili, ni za huyo dada na usafi wake. Ukiwa na familia vuka barabara, kuna gesti inaandika vitambulisho vya wote mnaoingia, imezidi elfu tano na maji ni ya baridi.