Leseni ya programu: ufunguo wa USB au usajili wa intaneti?
Ofisi ya upimaji ardhi ya Arusha, ambayo wapimaji wake hushinda Karatu wiki nzima, huwa na njia mbili inaponunua programu ya kuchorea ramani. Ya kwanza ni ufunguo wa USB, kifaa kidogo chenye chipu inayotunza siri: programu hutuma namba ya kubahatisha, chipu huijibu kwa kutumia siri hiyo bila kuitoa nje, na jibu sahihi lisipopatikana programu hugoma kufunguka. Ufunguo hauhitaji mtandao, na leseni huhamia kompyuta nyingine kwa kuchomoa na kuchomeka tu; lakini ukipotea, mara nyingi muuzaji huhesabu kuwa umepoteza leseni yenyewe. Wetu niliufunga pamoja na funguo za gari, gari likaenda nao Monduli, na kazi ya ofisini ikalala siku nzima. Usajili wa intaneti hufunga leseni kwenye vitambulisho vya kompyuta, kama vile diski na bodi kuu. Hakuna kifaa cha kupotea, ila diski ikiungua huenda ukalazimika kuomba idhini upya. Kwa watu wa porini ningechagua ufunguo. Mhasibu asiyetoka Barabara ya Sokoine atatosheka na usajili.