Askari wa gemu hii wanashindwa na pipa

Nilikuwa nimeipa nyota 3. Picha safi, bunduki unaisikia uzito wake mkononi, nikasema basi inatosha. Lakini ile leveli ya godauni imenichosha roho, na nyota moja naiondoa sasa hivi.

Jaribu mwenyewe. Ingia kwa mlango wa nyuma, piga risasi moja juu, kisha jibanze nyuma ya nguzo ya pili. Watakuja askari 6. Gemu nyingi za mapigano huwapa maadui zamu: wawili tu ndio wenye ruhusa ya kufyatua kwa wakati mmoja, wengine wanazunguka, ili mchezaji asimalizwe papo hapo. Huo utaratibu sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba hapa mwenye zamu akikwama, zamu hairudi. Kati ya nguzo na makreti kuna pipa la bluu. Askari wa kwanza anaganda hapo: anakimbia bila kusogea hata shubiri, buti linasugua sakafu, bega linagonga pipa. Wa pili anamgandia mgongoni. Wanne waliobaki wamesimama peupe, bunduki mkononi, wanakutazama kama abiria wa Likoni wanaongoja geti la feri lifunguliwe. Dakika nzima, wallahi, nimehesabu kwa saa!

Dalili zote zaonyesha kwamba ile ramani ya ndani, inayowaambia maadui wapi pa kukanyaga, imechorwa kana kwamba pipa halipo. Njia fupi inapita katikati ya pipa, nao wanaifuata hiyo hiyo. Dawa yake ni kuchora upya kile kipande, na kumpokonya zamu yeyote asiyesogea kwa sekunde 3.

Ukipandisha ugumu hadi mwisho, risasi za kumwangusha mmoja zinatoka 3 kwenda 7. Akili ni ile ile.

Na msiniambie maadui wa gemu ndivyo walivyo. F.E.A.R. ilitoka mwaka 2005, na askari wake wanapindua meza wajikinge, wanakujia ubavuni, kwa sababu kila mmoja hupewa lengo akajipangia hatua za kulifikia. Metal Gear Solid V ya 2015, ukizoea kuwapiga kichwani, wanaanza kuvaa helmeti.

Nakubali, huenda kosa lenyewe ni dogo. Aliens: Colonial Marines ya 2013 ilisemwa sana kwa viumbe wake mazuzu, kumbe kwenye faili la mipangilio neno moja liliingia herufi ya ziada. Wachezaji walipoifuta, viumbe wakawa wakali zaidi.

Kinachoniuma kabisa ni mbwa. Mbwa wa gemu hii hii wanapenya chini ya makreti na kukutokea nyuma, kazi nzuri mno. Kwa hiyo waliotengeneza wanajua! Hapo nilitaka kuirudisha nyota yangu, lakini mbwa wako leveli 2 tu, na magodauni ni 4.

Kama umeshanunua, tupa guruneti karibu na pipa: wakitawanyika, njia zinapigwa hesabu upya na zamu inahama. Au toka nyuma ya nguzo hatua 3 kushoto.

Sasisho jipya limekula bando la gigabaiti 12. Sare za askari zimebadilishwa rangi. Pipa liko pale pale, na buti bado linasugua. Nyota nyingine naiondoa: imebaki 1.