Windows 10 nimeiaga: siku 6 na Linux Mint kwenye mashine ya kizazi cha 6

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Hii mashine hapa mezani mnaifahamu, ndiyo ninayofanyia kazi zangu zote. Ya mtumba, prosesa Core i5-6300U, RAM giga 8, SSD giga 256. Jumamosi nilifuta Windows 10 nikapiga Linux Mint 22.2, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile yenye muonekano wa Cinnamon. Leo siku ya 6 sijagusa mfumo mwingine, na nataka niwaambie nilichokiona, kizuri na kibaya.

Kwanza, kwa nini nimehama. Huduma ya Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, inawaka vilevile, ila masasisho ya usalama ya kawaida hayaji tena. Upo mpango wa nyongeza kwa watu wa nyumbani unaofika 13 Oktoba 2026, na kama hujawa tayari kuhama, jiandikishe, usikae wazi. Windows 11 yenyewe inataka chipu ya usalama, TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za nyuma yake.

Sasa angalieni hapa kwenye skrini, na wewe ulie na Windows ufanye pamoja nami. Kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Tafuta mstari ulioandikwa Processor. Yangu ilisema i5, kistari, 6300U. Ile 6 inayotangulia ndiyo kizazi. Ukikuta 8250U, hicho ni cha 8, umepona. Ukikuta namba ya tarakimu tano, mfano 10210U, soma mbili za mwanzo, ni cha 10. Dakika moja tu, ujue umesimama wapi kabla hujampa mtu hela yako.

Nalisisitiza hili kwa sababu mashine za aina hii mitaani kwetu ni nyingi mno. Zilitumika maofisini huko Ulaya, zikashushwa kwetu, zina kibodi nzuri na bodi ngumu, RAM unaongeza mwenyewe kwa bisibisi. Kuna mwanafunzi ukoo mzima umechanga ndipo akaipata. Kumwambia leo mashine yako haifai, nunua nyingine, mimi siwezi.

Basi, nilivyofanya. Nilipakua faili la Mint, karibu giga 3, nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ukiwasha mashine kupitia flashi ile, Mint inafunguka nzima bila kugusa diski yako. Hapo ndipo pa kutulia. Nilijaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, nikafunga mfuniko nikafungua nione kama inaamka. Vyote vikaitika, ndipo nikabonyeza kusakinisha. Kama Wi-Fi yako haitaitika kwenye flashi, ishia hapo hapo, hujapoteza kitu.

Na mafaili! Jamani, hamisheni mafaili kwanza. Kuna dada mmoja jirani yetu alipeleka mashine kwa fundi ikapigwe Windows, ikarudi safi kabisa, na utafiti wake wa mwaka mzima haumo. Alikuwa ameuweka Desktop. Fundi hakuuliza, naye hakujua kwamba Desktop inafutika pamoja na vingine. Niliona alivyokaa chini pale kibarazani. Kwa hiyo Desktop, Documents, Downloads, picha, vyote kwenye diski ya nje, halafu fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka.

Kusakinisha kwenyewe kulichukua kama robo saa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni utulivu. Feni ilikuwa inavuma muda wote, sasa kuna saa nzima siisikii. Nikafungua System Monitor bila programu nyingine yoyote: RAM iliyotumika giga 1 na nukta 2. Kwenye giga 8 hapo umebaki na uwanja mpana. Niwe mkweli, mfumo niliouweka juzi nikiulinganisha na ule niliokaa nao miaka minne nikijaza programu kila wiki, mizani haiko sawa. Hata Windows mpya ingekimbia. Lakini hii ni mashine ya kizazi cha 6, na nimehariri video hii hii mnayoitazama juu yake.

Mtu aliyezoea Windows hapotei. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, mafaili ni folda zilezile. Mama yangu aliikalia akafungua Firefox na kusoma habari zake bila kuniita.

Ila kitu nilichokipenda kuliko vyote ni hiki, na naomba nikisogeze karibu mkione. Hii ni Update Manager. Inaniorodheshea masasisho yaliyopo, na hapa chini inanitajia jumla ya megabaiti kabla sijapakua hata moja. Natoa tiki kwenye haya makubwa, nayaacha mpaka nifike penye Wi-Fi. Haya madogo ya usalama nayachukua sasa hivi kwa bando langu. Sisi tunaonunua intaneti kwa vipande tunajua maana ya kuamka ukakuta bando limekwisha. Na ukiogopa kwamba sasisho litaharibu kitu, Timeshift inahifadhi hali ya mfumo ilivyokuwa, unarudi nyuma. Mafaili yako haiyahifadhi kwa kawaida, hilo lishike. Mfululizo huu wa Mint 22 utahudumiwa hadi 2029.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, na neno lile ni ndugu wa utu wetu. Ndani yake kuna LibreOffice, programu za ofisi za bure, iliyozaliwa 2010 kutokana na OpenOffice, ileile ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifasiri kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mimi nikikumbuka kazi ile nasikia fahari.

Sasa machungu. Microsoft Office ya kusakinisha haiingii hapa. Nilifungua katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, iliyoandikwa kwa Word. Maneno yote yapo, lakini jedwali la riba limegawanyika kurasa mbili, na sahihi za viongozi zimesogea peke yake ukurasa wa mwisho. Mimi nilirekebisha kwa dakika tano. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake anamrudishia rasimu ya Word yenye maoni pembeni, kila wiki, atachoka. Huyo atumie Word ya kwenye kivinjari, au abaki Windows. Mwenye kuishi kwa Photoshop, vivyo hivyo. Na printa yangu inachapa vizuri, ila kuskani imekataa mpaka leo, naskani kwa simu.

Kwa hiyo wewe wa kizazi cha 8 na kuendelea, Windows 11 ipo na ni ya bure kwako, pandisha tu. Wa cha 7 kurudi chini, chukua flashi ujaribu jioni moja. Na kama hizo namba zimekuchanganya, niandikie hapo chini ilivyosomeka kwako, nitakujibu mmoja mmoja. Mimi narudi kupambana na hii skana.